Uzi: Dawa haimfundishi bakteria kutengeneza kimeng'enya. Tuzungumzie jinsi jeni zinavyofunguliwa na kufungwa

Mwalimu wa Makulu:

Wanajukwaa, habari za jioni.

Ninafundisha bakteriolojia kwa wanafunzi wa stashahada ya maabara hapa Dodoma. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya sentensi ninayoikuta mara kwa mara katika majibu ya wanafunzi, na hata katika mazungumzo ya watumishi wenzangu wa afya, kwamba bakteria anapokutana na dawa hujifunza kutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli, cha kuishinda. Sentensi hiyo inaunganisha mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni bakteria aliye na jeni tayari, ambaye huifungua kitu fulani kinapoingia ndani ya seli na kuifunga kitu hicho kinapokwisha. La pili ni bakteria ambaye jeni yake ilibadilika kwa bahati kabla ya dawa kufika, kisha dawa ikawaua wenzake na kumwachia uwanja. Katika la kwanza urithi wa bakteria haujaguswa. Katika la pili hakuna aliyeitikia chochote. Mtu asiyetofautisha hayo mawili anaweza kusoma vibaya kisahani cha maabara, na anayeumia ni mgonjwa.

Nitaanza na sukari, kwa kuwa ndiko elimu hii ilikoanzia.

Mwaka 1941, Jacques Monod alitetea tasnifu yake ya udaktari huko Paris kuhusu ukuaji wa bakteria. Alikuwa akiwaotesha katika maji yenye sukari mbili na kupima jinsi wanavyoongezeka. Alipochanganya glukosi na sukari kama laktosi, aliona bakteria wakiongezeka kwa kasi, wakisimama kwa muda, kisha wakiongezeka tena. Walikuwa wanamaliza glukosi kwanza. Katika ule muda wa kusimama walikuwa wanatengeneza vimeng'enya vya kutumia sukari ya pili, kikiwemo beta-galaktosidesi, ambacho huikata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Seli ya Escherichia coli ambayo haijaona laktosi huwa na molekuli chache sana za kimeng'enya hiki, na ikiwekwa penye laktosi pasipo glukosi huwa na maelfu. Ongezeko hilo hukaribia mara 1,000.

Wakati huo wataalamu wengi walidhani kwamba sukari yenyewe ndiyo inayokipa kimeng'enya umbo lake, yaani kwamba ndani ya seli kuna protini ambayo haijakamilika na laktosi huja kuikamilisha. Monod mwenyewe aliwahi kuelekea huko. Ni wazo lenye mvuto, na kwa kweli ni lile lile la "kujifunza" ninalolikuta kwenye karatasi za mitihani leo. Ni vyema basi tukaona jinsi lilivyoanguka, kwa kuwa liliangushwa na majaribio.

Mwaka 1955, David Hogness, Melvin Cohn na Monod walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa salfa yenye mnururisho. Waliwalisha bakteria salfa hiyo hadi protini zao zote zikawa na alama yake, kisha wakawahamishia kwenye chakula chenye salfa ya kawaida pamoja na kichocheo cha kufungua jeni. Kimeng'enya kilichotokea baada ya hapo hakikuwa na alama. Maana yake ni kwamba kilijengwa upya kuanzia asidi amino, na hapakuwa na protini ya zamani iliyokuwa ikisubiri kukamilishwa.

Tena walikuwepo wasaidizi wa ajabu kidogo. Kuna kemikali inayofanana na laktosi, iitwayo IPTG, ambayo inafungua jeni hizi kwa nguvu sana ingawa beta-galaktosidesi haiwezi kuikata. Kuna nyingine ambazo kimeng'enya kinazikata vizuri, lakini hazifungui jeni. Kama kimeng'enya kingekuwa kinapata umbo lake kutokana na kile kinachokikata, hali hiyo isingewezekana.

Hoja ninayoipenda kuliko zote ni ya tatu. Walipatikana bakteria wenye hitilafu katika jeni moja, jeni I, ambao hutengeneza beta-galaktosidesi kwa wingi muda wote, hata kama hawajapata kuona laktosi. Kama laktosi ndiyo mwalimu, hawa walifundishwa na nani? Elimu ya kutengeneza kimeng'enya ilikuwa ndani ya DNA yao tangu mwanzo, na kilichopotea kwao ni uwezo wa kuizuia.

Jaribio lililothibitisha hilo lilitolewa mwaka 1959 na Arthur Pardee, François Jacob na Monod katika Taasisi ya Pasteur. Walitumia tabia ya bakteria fulani kuhamisha DNA kwenda kwa wengine wanapogusana. Mtoaji alikuwa na jeni nzima ya beta-galaktosidesi na jeni I nzima. Mpokeaji alikuwa na hitilafu katika zote mbili. Na laktosi haikuwekwa. Dakika chache tu baada ya DNA kuingia, mpokeaji alianza kutengeneza kimeng'enya kwa kasi. Baada ya saa moja hivi au zaidi, kazi ikasimama, ila pale walipoongeza kichocheo. Ukilitafakari jaribio hilo taratibu utaona kwamba lina maelezo mepesi: jeni ya kimeng'enya ilipoingia ndani ya seli ngeni ilikuta hakuna wa kuizuia, ikafanya kazi, wakati huo huo jeni I ikawa inatengeneza kizuiaji kidogo kidogo, na kizuiaji kilipotosha jeni ikafungwa.

Mwaka 1961 Jacob na Monod wakaandika mfumo mzima, na mwaka 1965 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na André Lwoff. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, huko Harvard, wakakitenga kizuiaji chenyewe, wakathibitisha kuwa ni protini. Kazi haikuwa nyepesi, kwani seli moja ina vizuiaji kama 10 tu.

Tukisogea karibu, hali iko hivi. Jeni tatu zimepangwa mfululizo: ya beta-galaktosidesi, ya protini inayopitisha laktosi kwenye utando wa seli, na ya kimeng'enya cha tatu ambacho sitakieleza hapa. Mpangilio huo pamoja na sehemu zake za kuuongoza huitwa operoni. Mbele yake ipo promota, mahali ambapo polimeresi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, hushika ili ianze kunakili, na karibu kabisa na hapo ipo opereta, mahali ambapo kizuiaji hukaa na kuziba njia. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, hiyo hukishika kizuiaji, kizuiaji hubadilika umbo na kuiachia DNA, na polimeresi hupita. Laktosi ikiisha, kizuiaji hurudi. RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili kujenga protini, iliyokwisha kutengenezwa huvunjika haraka, nusu yake ikitoweka katika dakika chache, na kwa hiyo utengenezaji husimama karibu mara moja. Kimeng'enya chenyewe ni kigumu na hubaki, kikipungua tu kadiri seli zinavyogawanyika.

Glukosi ina njia zake za kuuzuia mfumo huu. Ikiwepo, humkwamisha yule mpitishaji laktosi mlangoni, na pia kiwango cha kemikali iitwayo AMP ya mzunguko hushuka, hivyo protini ya CRP inayomsaidia polimeresi kushika promota hukosa nguvu. Ndiyo sababu bakteria wa Monod walimaliza glukosi kwanza.

Sasa nije kwenye dawa.

Staphylococcus aureus wengine wana jeni iitwayo erm. Kimeng'enya chake huongeza kikundi cha methili kwenye RNA ya ribosomu, yaani mtambo wa seli unaosoma RNA mjumbe na kujenga protini, pale pale ambapo erithromisini na klindamisini hushika, na kwa hiyo dawa zote mbili hukosa mahali pa kushika. Katika bakteria wengi jeni hii inafunguliwa na erithromisini, lakini klindamisini haiifungui. Tena hapa kizuizi hakikai kwenye DNA. RNA mjumbe yenyewe imejikunja na kuficha mwanzo wa ujumbe wa kimeng'enya. Ribosomu inaposoma kipande kifupi kilichotangulia, na erithromisini ikaikwamisha hapo, mkunjo hufunguka na ribosomu nyingine ambayo bado haijashikwa na dawa huweza kusoma ujumbe uliokuwa umefichwa.

Mkionyeshwa kisahani ndipo mtakapoona uzuri wake. Weka diski, yaani vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, ya erithromisini na ya klindamisini mbali mbali juu ya bakteria waliopakwa kwenye kisahani, na asubuhi utakuta bakteria wamefika hadi kwenye ukingo wa erithromisini, huku klindamisini ikiwa na duara safi lisilo na bakteria. Utaandika: klindamisini inafaa. Ziweke karibu, kisha asubuhi ukiinue kisahani kwenye mwanga wa dirisha: duara la klindamisini limenyooka upande mmoja, ule unaoitazama erithromisini, likawa na umbo la herufi D. Katika upande ule bakteria walipata erithromisini kidogo iliyosambaa kwenye agari, wakafungua jeni, na klindamisini haikuwaweza tena. Upande wa pili, ndugu zao wa koloni lile lile, wenye DNA ile ile, wamekufa. Hakuna jeni iliyobadilika usiku ule.

Hatari iko kwa mgonjwa anayepewa klindamisini peke yake. Miongoni mwa mabilioni ya bakteria walio kwenye jipu, wachache wana badiliko katika kile kipande kinachojikunja, na RNA yao haifichi tena ujumbe. Hao hutengeneza kimeng'enya muda wote. Klindamisini haikuwafungua wala haikuwabadilisha. Inawaua walio wengi, na wachache hao wanabaki na kujaza nafasi. Kwa hiyo kwenye kisahani tuliona jeni ikifunguliwa, na kwa mgonjwa tunaona uchaguzi, na yote mawili yanahusu jeni ile ile.

Karibuni tujadili.

---

Binti wa Nkuhungu:

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa mfumo wa laktosi isipokuwa sehemu moja. Umesema jeni ya protini inayopitisha laktosi iko ndani ya operoni ile ile. Kama operoni imefungwa, mpitishaji hayupo. Na kama mpitishaji hayupo, laktosi ya kwanza ya kumwondoa kizuiaji inaingia kwa njia gani? Halafu alolaktosi nayo inahitaji kitu cha kuitengeneza.

Mwalimu wa Makulu:

Marahaba binti yangu. Umeuliza swali zuri, na alolaktosi pia umeiona vizuri, kwa sababu anayeitengeneza ni beta-galaktosidesi yenyewe.

Jibu ni kwamba operoni iliyofungwa haijafungwa kabisa. Kizuiaji hushika opereta kwa nguvu sana, lakini mara moja moja hubanduka, na katika nafasi hiyo fupi polimeresi hupita. Seli hujikuta na molekuli chache za kila protini, wapitishaji wachache na beta-galaktosidesi chache, na hao wachache ndio wanaoanzisha kazi: laktosi kidogo inaingia, alolaktosi kidogo inatengenezwa, kizuiaji kinaachia, wapitishaji wanaongezeka, laktosi zaidi inaingia.

Mzunguko huo una matokeo ambayo Aaron Novick na Milton Weiner waliyaonyesha mwaka 1957. Walipowapa bakteria kichocheo kwa kiwango cha wastani, kimeng'enya kiliongezeka polepole katika chombo kizima, na mtu angedhani kila seli inaongeza kidogo kidogo. Walipochunguza walikuta kwamba seli nyingine zimefunguka kabisa na nyingine hazijafunguka hata kidogo. Zaidi ya hapo, seli iliyofunguka, ikiachwa katika kiwango hicho cha wastani, huzaa watoto waliofunguka, kwa sababu kila mtoto hugawiwa wapitishaji wa kutosha kutoka kwa mama. Hapa inabidi tuwe waangalifu sana katika lugha yetu. Watoto hao wamerithi hali fulani, lakini hawajarithi badiliko lolote la jeni. Ukiwaondolea kichocheo kabisa, baada ya vizazi kadhaa wote hufunga.

---

Tabibu wa Ihumwa:

Mwalimu, heshima yako. Nimesoma yote na sayansi yake siipingi, ila nina wasiwasi kama jambo hili linatusaidia sisi tulio wodini. Majibu yakija yameandikwa "sugu", ninabadilisha dawa. Yakija yameandikwa "inafaa", ninaitumia. Kwamba usugu ule umetokana na jeni kufunguliwa au na badiliko la bahati, sioni linanipa uamuzi gani tofauti.

Mwalimu wa Makulu:

Asante daktari. Uamuzi unabadilika hasa pale majibu yanaposema "inafaa".

Chukua Enterobacter cloacae. Ana jeni ya kimeng'enya kiitwacho AmpC, kinachoharibu penisilini na sefalosporini nyingi. Kwa kawaida jeni hiyo imefungwa. Kinachoifungua ni vipande vya ukuta wa seli vinavyolundikana ndani dawa inapouvuruga ukuta huo, na dawa hazilingani katika kulifanya hilo. Sefoksitini huifungua kwa nguvu. Seftriaksoni huifungua kwa udhaifu mno. Kwa hiyo ukimpima bakteria huyu kwa seftriaksoni, mara nyingi kisahani kitasema inafaa, na ni kweli kwamba walio wengi watakufa. Lakini wapo wachache wenye hitilafu katika jeni ampD, ambayo kazi yake ni kusaidia kuviondoa vile vipande vya ukuta. Kwao vipande hulundikana hata pasipo dawa, na AmpC hutengenezwa kwa wingi muda wote. Mgonjwa anapata nafuu siku za mwanzo, kisha homa inarudi akiwa bado kwenye dawa ile ile. Anayefikiri kwamba bakteria "amezoea" dawa anaweza kushawishika kuongeza dozi. Anayejua kwamba wachache wamechaguliwa atachukua sampuli upya na kubadilisha aina ya dawa.

Tofauti nyingine ni ya wakati. Jeni iliyofunguliwa tu hufungwa dawa ikiondoka. Aliyebadilika habadiliki tena kwa sababu umeacha dawa. Atawaachia watoto wake badiliko hilo, na atakwenda nalo kwenye kitanda cha jirani. Salvador Luria na Max Delbrück walikwisha kuonyesha mwaka 1943, kwa kutumia virusi vinavyoua bakteria, kwamba mabadiliko ya aina hii hutokea kabla ya muuaji kufika, na mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walilionyesha tena kwa kuhamisha koloni kutoka kisahani hadi kisahani kwa kitambaa cha mahameli, wakawapata bakteria sugu kutoka kwa mababu ambao hawakuwahi kuguswa na dawa.

Tabibu wa Ihumwa:

Hapo nimekuelewa, mwalimu. Ile homa inayorudi katikati ya dozi tumeiona, na kwa kawaida tumekuwa tukiilaumu dawa kuwa duni.

---

Mfugaji wa Mpwapwa:

Ndugu zangu, nami naomba nafasi. Sisi huku tunagandisha maziwa kwenye kibuyu, na tunabakiza kidogo kama mbegu ya kesho. Kuna wakati mbegu inachoka, maziwa yanachelewa kuganda. Je, ni bakteria wamefunga jeni ya laktosi, au ni mambo mengine?

Mwalimu wa Makulu:

Karibu sana ndugu yangu. Kuzifunga si rahisi, maana maziwa ya ng'ombe yana laktosi karibu asilimia 5, na wakati wote wamo ndani yake.

Katika Lactococcus lactis, ambaye ni miongoni mwa bakteria wakuu wa kugandisha maziwa, utaratibu unafanana na ule wa E. coli kwa sura lakini sehemu zake ni tofauti. Laktosi huongezewa fosfati inapoingia, hukatwa na kimeng'enya tofauti, na kizuiaji chake, LacR, huachia DNA kinaposhikwa na tagatosi-6-fosfati, ambayo hupatikana wakati galaktosi inavunjwa. Jambo la muhimu kwako ni kwamba jeni hizi mara nyingi zimebebwa kwenye plazimidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo kilicho nje ya kromosomu, na plazimidi inaweza kupotea seli zinapogawanyika. Seli iliyoipoteza haina jeni ya kufungua, na laktosi hata iwe nyingi kiasi gani haitaisaidia. Kwa hiyo kwenye kibuyu chako kuna uwezekano wa tatu ambao sikuutaja mwanzoni: kupotea kwa jeni.

Hata hivyo, kabla ya kuwatuhumu bakteria, angalia baridi ya Juni na Julai, na uangalie kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano ya penisilini hivi karibuni. Masalia ya penisilini kwenye maziwa huwazuia bakteria wa kugandisha, na maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo hayapaswi kunywewa wala kuchanganywa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

---

Binti wa Nkuhungu:

Mwalimu, samahani kwa kurudi. Kwenye kile kipimo cha umbo la D, tuziweke diski umbali gani? Wenzangu wawili wamepata majibu tofauti kwa bakteria mmoja.

Mwalimu wa Makulu:

Mwongozo wa Marekani unasema milimita 15 hadi 26, wa Ulaya milimita 12 hadi 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Chagueni mmoja na msiuchanganye na mwingine. Diski ya erithromisini iwe ya mikrogramu 15 na ya klindamisini mikrogramu 2. Mkizidisha umbali, erithromisini haifiki kwa kiasi cha kuifungua jeni na duara litabaki la mviringo, na nadhani ndilo lililompata mmoja wao. Warudie wote wawili kwa rula, wakiotesha kutoka koloni moja, na wasisome kabla ya saa 16. Umbo la D likitokea, andikeni klindamisini kuwa sugu, na ongezeni maelezo kwamba usugu huo unafunguliwa na erithromisini, ili daktari ajue tulichokiona.